Geuza Kitako Uone: Namna ya Kulipima Duka la Makumbusho

Kabla hujagusa kitu chochote katika duka la makumbusho, chagua bidhaa iliyo karibu zaidi na mlango ujiulize: hiki kingewekwa uwanja wa ndege wa Johannesburg, au duka la hoteli kule Victoria Falls, kuna mtu angeshangaa? Kama hakuna, kitu hicho kimepotea njia. Twiga wa mbao mwenye shingo ndefu, Mmasai wa shanga wa kuning'inizia ufunguo, fulana ya "Hakuna Matata", vyote vinauzika, na simlaumu hata kidogo anayevitandaza kando ya barabara akitafuta riziki yake. Lakini mtu akitoka kutazama masalia ya Kilwa, halafu mlangoni akapokewa na twiga, ni dhahiri kwamba aliyelinunulia duka bidhaa hajapata kuingia vyumba vya ndani.

Makumbusho yana mali ambayo muuza vinyago wa mtaani hana, nayo ni watu wanaojua. Kuna wahifadhi, waakiolojia na mafundi wa kukarabati, na mmoja wao akiitwa dukani kwa dakika kumi ataweza kusema mfano upi umekosewa na kikapu kipi kimesukwa na mtu anayejua kusuka. Duka zuri huuazima ujuzi huo na kuuweka rafuni. Duka baya hununua bidhaa palepale wanaponunua wengine wote, kisha hupandisha bei kwa sababu lina kiyoyozi. Mengi ninayoyaeleza hapa yanazunguka tofauti hiyo, na yatamfaa anayenunua kama yatakavyomfaa anayepanga rafu.

Tuanze na mifano ya vyombo vya baharini, maana ni nadra kukuta duka la pwani lisilokuwa nayo. Mfano wa jahazi unapimwa kwa mlingoti. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele, kuelekea omo. Foromali hufungwa mshazari, na tanga hushuka kutoka hapo. Ukiona mlingoti umesimama wima kabisa, au umelalia tezi, fundi alinakili picha ya merikebu ya kigeni. Kisha shika uzi mmoja wa kamba uuvute taratibu. Katika kazi ya makini uzi huo unashika kitu fulani, tanga au foromali, nacho kitatikisika. Katika kazi ya haraka nyuzi zimezungushwa kwa urembo na gundi imeganda kwenye fundo. Tazama na usukani: uwe nje, kwenye tezi, uweze kugeuka.

Mtepe ndio mtihani mgumu zaidi. Chombo hiki kilishonwa kwa kamba za kumbi, ubao kwa ubao, na tanga lake lilikuwa la mkeka, tena la pembe nne. Fundi aliyezoea kuchonga majahazi akipewa oda ya mtepe mara nyingi huchonga jahazi lilelile, akalitia vidoti vya rangi ubavuni kuwakilisha mshono, na kulivika kitambaa cha pembe tatu. Katika soko la kawaida kosa hilo halimuumizi mtu. Katika mji kama Lamu, ambako makumbusho yenyewe yana mifano ya vyombo vya pwani, mgeni anaweza kutoka chumba kimoja hadi kingine akalinganisha kwa macho yake, na duka linaumbuka. Ndiyo maana napenda sana kuona mfano wenye mshono wa kweli, hata kama mbao zake hazikulainishwa vizuri. Ukitia ukucha kati ya ubao na ubao ukakutana na uzi unaoingia na kutoka, umeshika kazi ya mtu aliyefundishwa na kitu alichokitazama.

Makumbusho hayohayo ya Lamu yanahifadhi siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu kubwa, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa ndogo ya shaba ya kuweka mezani yenye tundu nchani ni tarumbeta, na anayeinunua atakwenda kuwaonyesha nduguze tarumbeta.

Sarafu za Kilwa nazo zina mtego wao. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, na jina la Ali bin al-Hasan limesomwa kwenye nyingi kati ya zilizopatikana. Chache ziliokotwa mwaka 1944 mbali kabisa, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na mpaka leo zinawapa watu mada ya kubishania. Lakini uzuri wake hasa uko kwenye maandishi: ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, hata msomaji inambidi aigeuze sarafu ndipo maneno yatimie. Sasa chukua nakala ya dukani uigeuze. Ikiwa nyuma ni tupu, au pamewekwa nembo ya duka, nakala hiyo haina thamani, hata shaba yake ikiwa nzuri kiasi gani. Nakala halali pia hubeba alama ndogo ya kutambulisha kuwa ni nakala, na ni vema ipishane kidogo kwa kipimo na ile ya asili, isije ikauzwa kwa mtu mwingine miaka 20 baadaye kama mali ya kale.

Fuvu la zamadamu Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na ambalo liko chini ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limenakiliwa mara nyingi, kwa plasta na kwa plastiki ngumu. Kuna tuta la mfupa linalopita juu ya utosi, mahali iliposhikia misuli mikubwa ya kutafunia. Katika nakala mbovu tuta hilo limefutika na kuwa mkunjo tu. Magego yake ni mapana mno, na meno ya mbele ni madogo yakilinganishwa nayo. Nakala mbovu humpa meno sawasawa ya mtu wa tangazo la dawa ya meno. Pitisha kidole pembeni utafute mshono wa kalibu: kama haukupigwa msasa, mtengenezaji alikuwa na haraka, na mwenye haraka pengine hakugusa meno pia.

Fort Jesus ya Mombasa ina hazina ya namna nyingine. Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1593 na 1596, na ndani yake kuna michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno kwa mkaa na udongo mwekundu, meli na watu, mikono ya mabaharia na askari wasiokuwa wasanii. Pia kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira. Ningekuwa nalinunulia bidhaa duka la mahali kama hapo, ningeanza na michoro ile: kwenye daftari, kwenye kadi za posta, kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. Kazi ya kuibuni ilikwisha kufanywa karne nne zilizopita, bure, na hakuna uwanja wa ndege duniani unaoweza kuiuza bila kueleza inatoka wapi.

Hayo ni ya uhusiano na maonyesho. Upande wa pili ni mkono wa fundi na mali ghafi, na hapo lazima mtu aguse.

Mpingo ndio unaoghushiwa kuliko mbao zote, kwa sababu ni mzito, unakua polepole, na bei yake inajulikana. Kiini chake ni cheusi chenye wekundu au zambarau ndani yake, na chini ya gome kuna tabaka jembamba la mbao nyeupe ya kimanjano. Kipande cha mpingo kikitupwa majini huzama. Mninga, mvule, hata mti wowote laini ukipakwa dawa nyeusi ya viatu ukasuguliwa kwa brashi, kwa mbali utaudhani ndio wenyewe. Siku moja kule Mwenge, Dar es Salaam, nilisimama mbele ya kibanda cha mzee mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akipiga msasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watafuta nini?"

"Mpingo."

"Wote huu mpingo," akasema, kisha akacheka mwenyewe. "Lakini usinisikilize mimi, mimi ninauza. Geuza kitako uone."

Kitakoni ndipo fundi hupaacha. Hapo utaona alama za msumeno, na mshipa wa mbao ulivyo bila kupambwa. Kama rangi ni nyeusi mpaka ndani ya mkwaruzo wa msumeno, vema. Kama kwenye mkwaruzo kuna kahawia hafifu, umepata jibu. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe kidogo, usugue hapohapo chini. Dawa ya viatu itaacha weusi kwenye kitambaa. Nusa pia. Kisha pima kwa mkono: kinyago cha urefu wa chupa ya soda kikikaa mkononi kikiwa chepesi, kirudishe.

Ukisharidhika na mbao, anza kutazama kazi. Kwenye nguzo za watu waliopandana, zile ambazo wengi huziita ujamaa, macho ya mnunuzi hukimbilia nyuso za nje. Wewe tia kidole ndani, katikati, pale mgongo wa mmoja unapokutana na tumbo la mwingine. Patasi hufika hapo kwa shida, na msasa kwa shida zaidi. Fundi wa kweli hupalainisha, ingawa anajua wateja wengi hawatapagusa. Angalia masikio na vidole: vimetofautishwa, au vimekwaruzwa mistari tu? Na angalia nyufa zilizozibwa. Mbao iliyochongwa ingali mbichi hupasuka ikifika kwenye nyumba kavu, na ufa huo mara nyingi huwa umeshaanza dukani ukazibwa kwa nta iliyochanganywa na vumbi la mpingo. Ukiinamisha kinyago kwenye mwanga, nta hung'aa tofauti na mbao. Tabaka jeupe la nje likitumiwa kwa akili, kwa mfano likawa shuka ya bibi au povu la wimbi, huwa ni pambo. Likiachwa tu kwa sababu gogo lilikuwa dogo, huonekana.

Jambo moja la karatasi: tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya miti ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Msafiri anayebeba vitu vilivyokamilika, mbao yake isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, hana haja ya kibali cha mkataba huo. Duka linalojua kazi yake huandika jina la mbao kwenye risiti, na muuzaji wake huweza kulieleza jambo hili bila kubabaika.

Kanga inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Katika maduka mengi ya makumbusho hukutwa imekatwa upande mmoja, imekunjwa mraba na kufungwa utepe, jina likiwa limefichwa ndani. Mgeni hununua kitambaa chenye maua. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, nayo huuzwa doti. Ukiikata na kulificha jina, kilichobaki kingeweza kutoka popote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, ikunjue yote. Tazama mahali rangi mbili zinapokutana: ufito mweupe uliobaki kati ya nyekundu na nyeusi, au rangi moja kupanda juu ya nyenzake, ni dalili kwamba uchapaji haukuangaliwa. Igeuze upande wa nyuma. Rangi iliyopenya inaonekana karibu sawa na mbele, na iliyopakwa juujuu hufifia. Halafu isugue kati ya vidole viwili. Kitambaa kilichojazwa wanga hutoa unga, na kikifuliwa mara moja kitalegea kama si kile ulichonunua. Wanga kidogo ni kawaida, kanga mpya zote huwa nao. Wanga unaodondoka ni hila.

Wanaopenda kanga husoma pia maandishi madogo ya ukingoni. Kule Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza 1887, na kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zina wapenzi wanaozitafuta kwa jina. Duka la makumbusho lingeweza kufanya jambo ambalo muuza nguo hana nafasi nalo: kuning'iniza kanga moja wazi kabisa ukutani, jina likisomeka, na kando yake kadi fupi inayoeleza ilitoka lini na watu waliivaa kumpelekea nani ujumbe. Doti za kuuza zikae chini yake, zimekunjwa jina likiwa nje. Nimeona duka moja limefanya hivyo, na akina mama wa mji huohuo ndio waliokuwa wakibishana mbele ya kabati, mmoja akimwambia mwenziwe, "Shoga, hii alikuwa nayo mama yangu, lakini pindo lake lilikuwa jekundu."

Kofia ya vito igeuze ndani nje. Mapambo yake ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, na kofia nzuri huchukua miezi mikononi mwa mshonaji, akiifanya kwa vipindi baraza za jioni. Kwa ndani, kazi ya mkono ni safi karibu sawa na nje, na vitundu vinapishana kidogo sana kwa ukubwa. Kazi ya mashine ina nyuzi ndefu zinazoruka kutoka ua hadi ua, na vitundu vyake vinafanana mno. Sina ugomvi na ya mashine, mradi bei yake na kadi yake viseme hivyo. Ugomvi wangu ni pale zote mbili zinapochanganywa kwenye tenga moja kwa bei moja, maana hapo mshonaji wa mkono ndiye anayeliwa.

Mkeka uinue dhidi ya mwanga. Shupatu zote ziwe za upana mmoja, na mwanga upenye sawasawa. Ukindu hutoa mkeka laini wa kulalia na miyaa hutoa kazi ngumu za majamvi na vikapu. Duka linaloandika "majani ya mnazi" kwenye mkeka wa ukindu linaonyesha kwamba hakuna aliyeuliza. Tazama unganisho la shupatu: likishonwa kwa nailoni litakata ukili ndani ya miaka michache. Lowanisha kidole ujaribu rangi kwenye pembe.

Jiwe la Kisii, lile linalochongwa kule Tabaka, Kenya, nitalipita haraka. Lipendwe kwa mishipa yake ya asili, nyeupe, waridi, kijivu. Rangi nzito iliyopakwa kote mara nyingi huficha kiraka cha gundi na unga wa jiwe. Bakuli likae bila kuyumba.

Tingatinga nayo haina haja ya maneno mengi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, akafa 1972 kwa risasi ya polisi, na waliomfuata wakaunda ushirika uliopo mpaka leo. Picha iliyochorwa kwa mkono ukiinamisha kwenye mwanga inaonyesha matuta ya rangi kila nukta ilipowekwa juu ya rangi ya chini. Iliyochapwa ni bapa. Tazama mstari mrefu, mgongo wa chui au shingo ya ndege: brashi ilikwenda bila kusita, au ilisimama ikaanza tena? Twiga wa Tingatinga, nikiri, namruhusu apite ule mtihani wangu wa uwanja wa ndege, kwa kuwa ana ukoo unaojulikana.

Kuna vitu ambavyo duka la makumbusho halipaswi kuwa navyo kabisa, na kutokuwepo kwake ni sehemu ya ubora wake. Cha kwanza ni vigae vya kale. Vipande vya sahani za Kichina na vyungu vya mapambo hutapakaa kwenye magofu ya pwani, na si shida kuvitia kwenye fremu ya mkufu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 na ile ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 zote zinavilinda. Duka likiuza hata kimoja, linawafundisha watoto wa kijiji kwamba gofu ni shamba la kuvuna. Gamba la ng'amba, pembe ya ndovu na matumbawe, hata viwe vya kale namna gani, vibaki ndani kwenye makabati ya maonyesho. Halafu kuna vitu vilivyozeeshwa: barakoa iliyofukiwa udongoni mwezi mmoja, ikapakwa masizi na majani ya chai, kisha ikaandikwa "ya zamani". Kwenye mianya ya kitu kilichotumika kweli, uchafu na ulaini hufuata mahali mikono ilipokuwa ikishika. Kwenye kilichozeeshwa, uchafu uko kila mahali, hata mahali ambapo hakuna mkono ungefika.

Sasa upangaji. Kosa la kawaida ni kujaza. Vinyago 40 vilivyosimama bega kwa bega vinafanya kila kimoja kionekane cha kiwandani, hata kama vyote ni vya mkono. Weka vitatu mbele, vinavyotofautiana, na vilivyobaki viende stoo. Mteja akitaka kuchagua, atoe muuzaji. Pia usipange kwa aina ya mali ghafi, mbao huku na vitambaa kule; huo ni utaratibu wa stoo. Panga kwa habari: mfano wa jahazi, kitabu cha biashara ya pepo za kaskazi na kusi, kijaluba cha karafuu na kadi ya ramani vikikaa rafu moja, mtu anaelewa alichokiona ndani, na mara nyingi hununua viwili badala ya kimoja.

Kila rafu iwe na kitu kimoja cha kushikwa. Vitu vya ufundi vinajieleza mkononi, na kioo kinavinyamazisha. Kitu hicho kitachafuka. Kihesabu kuwa gharama ya duka.

Jua la pwani halina huruma. Mkeka uliowekwa dirishani unapauka upande mmoja baada ya miezi michache, na mnunuzi makini atakunjua auone mstari. Hewa ya chumvi hufubaza fedha na shaba, ngozi ya ngoma huota ukungu masika, na mpingo unaopulizwa na kiyoyozi mchana kisha kuachwa na joto usiku hupasuka rafuni. Lililo zito kuliko yote ni wadudu. Unga mwembamba chini ya kinyago, na vitundu vidogo vya mviringo, maana yake kuna mgeni anayetafuna. Na duka hilo liko ukuta mmoja na mbao za miaka mia mbili. Makumbusho yenye uangalifu huvipitisha vitu vya mimea na mbao kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili vikiwa vimefungwa vizuri, kabla havijafika dukani. Ukiuliza swali hili na muuzaji akajua unachozungumzia, duka hilo liamini kwa mengine.

Kadi ndogo inayoning'inia kwenye bidhaa nayo isome. Iseme nani alitengeneza, wapi, kwa mali gani, na kitu hicho kinahusiana na nini kwenye maonyesho. "Kazi ya mikono, Afrika" ni kadi isiyo na maana. Na iandikwe kwa Kiswahili kwanza. Nimechoka kusoma maelezo ya mbuzi wa nazi kwa Kiingereza peke yake, katika mji ambao kila nyumba inaye mbuzi.

Yote haya yanategemea jambo ambalo mteja halioni, nalo ni namna fundi anavyolipwa. Maduka mengi huchukua mali kauli: fundi analeta, duka linauza, ndipo analipwa. Kwa duka ni raha, hakuna fedha inayolala. Kwa fundi, mtaji wake unakaa rafuni kwa mwenye duka, na mbao amenunua taslimu. Matokeo yake yanaonekana wazi. Anayeleta mali kauli huleta vidogo, vyepesi, vya haraka, vile ambavyo vikikwama hatafilisika. Huwezi kumwambia mshonaji akalie kofia miezi minne kisha angojee mgeni aipende. Mahali unapokuta kazi kubwa, ya taratibu, mtepe ulioshonwa au nguzo ya mpingo iliyolainishwa mpaka ndani, karibu kila mara duka hilo limelipa nusu mapema na kumaliza siku ya kupokea. Basi uliza: "Fundi wenu mnamlipa vipi?" Swali hilo halina ufidhuli ukilitanguliza na salamu. Jibu likizungukazunguka, tazama tena rafu, utaona zilivyojaa vidogo.

Mwisho, tazama wanaopita uani. Katika makumbusho yetu mengi siku ya kazi, kelele utakayoisikia ni ya watoto wa shule walioshuka kwenye basi, sare zao zimejaa vumbi la safari, kila mmoja na shilingi chache alizopewa na mama. Duka limepangwa kwa ajili ya mtalii mmoja atakayekuja saa tisa. Watoto husimama mlangoni, mlinzi huwafukuza, na wenye vihela vyao huvimalizia kwa muuza barafu. Duka lenye akili lina rafu yao: rula yenye tarehe za Kilwa, kadi ya posta ya fuvu la Olduvai, nakala ya sarafu ya bati, daftari lenye michoro ya ngome, vyote kwa bei ya soda na andazi. Ubora wake upimwe kwa ukali uleule, maana mtoto ndiye atakayeigeuza sarafu kwanza. Rafu hiyo iwe chini, karibu na mlango, bei ziandikwe kwa tarakimu kubwa, na muuzaji awe na chenji.